Mafuta Mekundu Tu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza saa nane mchana, nami nimeanza daftari hili saa tisa. Nipo kwa Mjomba tangu Ijumaa. Baada ya mahafali nilikuja kupumzika kwa wiki moja tu, lakini jana nilimwambia mama kwenye simu kwamba nitakaa mpaka mvua zikatike. Sababu ni ndege.

Mjomba ni seremala. Madawati na vitanda ndivyo vilivyomlisha maisha yake yote, ila kwa miaka kumi na mmoja sasa, kila jioni isiyo na mteja, amekuwa akiunda ndege ya watu wawili kwenye banda lililo nyuma ya karakana yake, kwa kufuata michoro aliyoagiza kwa posta. Nilipokuwa darasa la tano ilikuwa mbavu tupu, kama samaki aliyekwisha kuliwa. Sasa ina mabawa, ina ngozi ya kitambaa iliyopakwa rangi mara saba, ina injini inayounguruma ukiibembeleza. Imebaki breki. Mkaguzi atakuja katikati ya mwezi wa tano, na akiridhika, Mjomba ataruka.

Hapa nyumbani wananiita Injinia. Mke wa Mjomba, ambaye sote tunamwita Bibi Harusi kwa kuwa Mjomba hajawahi kuacha kumwita hivyo, aliniondolea stuli na kuniletea kiti chenye mto. "Injinia hakai kwenye stuli," akasema. Nikakaa. Shahada yangu ina wiki sita. Sijawahi kukaza nati ambayo maisha ya mtu yanaitegemea.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Nimeshinda na mchoro wa breki. Ninaufahamu sasa kuliko mtu yeyote katika nyumba hii.

Jumamosi, 9 Machi

Leo amekuja Mzee Kanyaga. Alikuwa fundi wa breki kwenye karakana ya mabasi kwa miaka thelathini na miwili, na jina hilo alilipata kwa kelele zake akiwa amelala chini ya basi: "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Bibi Harusi anasema kuna madereva waliostaafu ambao bado wanastuka wakisikia sauti yake sokoni. Yeye na Mjomba ni marafiki tangu enzi walizokuwa na nywele. Ndiye aliyefunga mabomba ya breki ya ndege na kuvalisha pete za raba ndani ya vibanio vinavyobana magurudumu, kimoja kwa kila gurudumu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Ndiye huyu Injinia? Mbona mwembamba hivi? Upepo ukivuma itabidi tukufunge kwenye bawa."

Tulibishana kidogo. Kwenye basi, mafuta ya breki humiminwa juu. Mmoja anakanyaga pedeli, mwingine yuko chini anafungua nati ya upepo, hewa inatoka pamoja na mafuta, anafunga, wanarudia mpaka pedeli iwe ngumu. Mzee Kanyaga alitaka kufanya hivyohivyo. Lakini bomba la ndege hii linapanda nyuma ya kiti na kushuka tena, na pale juu kwenye nundu hewa itajificha hata ukikanyaga mpaka Krismasi. Mchoro unataka kinyume: usukume mafuta kutoka chini, kwenye gurudumu, kwa kopo lenye mdomo mrefu, yapande hadi kikopo cha akiba kilicho mbele ya rubani. Hewa yenyewe inapenda kupanda, unaisindikiza tu.

Nilieleza vizuri. Nilichora hata picha. Na kwa kuwa Mzee Kanyaga alikuwa bado anajikuna kidevu, nikaongeza, "Hili si basi, Babu."

Mjomba alicheka. Mzee Kanyaga naye akacheka, ila alichelewa kidogo.

Kisha Mjomba akatuinulia kopo la mafuta aliyoagiza, mekundu kama sharubati. "Raba za breki hizi zinataka mafuta haya tu. Yale meupe ya pikapu yakizigusa, zinavimba. Mafuta mekundu tu. Semeni."

"Mafuta mekundu tu," tukasema, kama darasa la kwanza.

Kwenye meza ya banda kuna kaunta buku kubwa yenye jalada jeusi. Ndicho kitabu cha kazi. Kila kilichofanyika kwenye ndege kwa miaka kumi na mmoja kimeandikwa humo, na aliyekifanya ametia sahihi. Mkaguzi hukisoma ukurasa kwa ukurasa. Mjomba ana sheria moja tu ndani ya banda: mkono uliofanya ndio unaosaini.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua mfululizo. Bati la banda linavuja juu ya mkia. Tumeweka ndoo.

Jumamosi, 16 Machi

Breki zimejazwa, na nimezijaza mimi.

Asubuhi Mzee Kanyaga alijaribu kwa njia yake, akijilaza kwenye gunia chini ya gurudumu, mimi nikiwa kitini. Kanyaga, shikilia, achia, saa mbili nzima. Pedeli zote mbili zikabaki laini kama mkate. Mwishowe akatoka chini, akajipangusa, akasema, "Haya, Injinia. Nikirudi kutoka kula tufanye ya kwako."

"Ukirudi utakuta tayari, Babu," nikamjibu.

Mjomba alikuwa amekwenda kupeleka vitanda. Nilihitaji mtu wa kuangalia kikopo cha juu, nikamwita Bibi Harusi. Alipanda akiwa ameshikilia kanga yake, akakaa kwenye kiti cha rubani kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja.

"Nifunge mkanda?"

"Hatuendi popote, Mama. Angalia kikopo tu. Ukiona mafuta yanaingia, niite."

"Na nikiona mawingu?"

Upande wa kulia ulikwenda vizuri. Upande wa kushoto ulinisumbua, ila nao ukakubali. Bibi Harusi akapiga kelele, "Yamefika! Mekundu hayo!" hadi majirani wakasikia. Nikakaza nati. Mzee Kanyaga aliporudi alikanyaga pedeli ya kulia, kisha ya kushoto, akanitazama, akakanyaga tena. Ngumu kama jiwe.

"Basi mimi nimezeeka," akasema, akicheka kweli safari hii.

Mjomba alipofika alifungua kaunta buku na kunipa kalamu. Nikasema, "Asaini Babu. Yeye ndiye mwenye breki, mimi nimemalizia tu." Mjomba aliguswa. Aliivunja sheria yake palepale. "Mnaona?" akasema. "Msomi na adabu zake." Mzee Kanyaga akaandika polepole: *Breki kulia na kushoto zimejazwa. Hakuna hewa.* Akatia sahihi.

Jumapili, 17 Machi

Jana sikuandika yote.

Upande wa kushoto mpira wa kopo ulichomoka kwenye nati nikiwa nasukuma kwa pupa, na nusu ya mafuta mekundu yaliyobaki yakamwagika kwenye sakafu ya vumbi. Niliyafunika kwa maranda ya mbao. Kilichobaki kwenye kopo kilifika nusu ya bomba, kikaisha. Ilikuwa saa tisa na nusu. Mzee Kanyaga angerudi saa kumi, nami nilikwisha kumwambia atakuta tayari.

Kwenye rafu kulikuwa na chupa ya mafuta meupe ya pikapu.

Ningependa kuandika kwamba sikujua. Nilijua. Nilisimama na chupa mkononi nikajisikia nikisema, kwa sauti ileile niliyochorea picha, kwamba ni nusu kikombe tu. Kwamba Mjomba ni seremala, alichosoma kwenye karatasi kimemtia hofu kuliko inavyostahili. Nikamimina ndani ya kopo. Nikasukuma. Mafuta meupe yaliyasukuma mekundu juu, yakabaki yenyewe chini, kwenye kibanio, penye raba. Ndiyo maana Bibi Harusi aliona mekundu. Hakusema uongo. Mimi ndiye niliyemweka pale ashuhudie.

Na ile sahihi. Waliiita adabu. Nilipoiona kalamu inakuja, kitu pekee nilichowaza ni kwamba jina langu lisiwe kwenye ukurasa ule.

Jumatano, 20 Machi

Niliamka nimeamua kusema. Sikusema.

Alhamisi, 21 Machi

Sikusema. Mvua.

Jumamosi, 23 Machi

Mjomba ameniomba nimkagulie usukani wa mkia, "kwa macho ya kisomi". Niliukagua mara nne. Nimekuwa mwangalifu sana siku hizi, juu ya kila kitu kisichokuwa gurudumu la kushoto.

Nimegundua ninavyojidanganya, na ninaandika ili nijione. Kwanza nilisema nitasema Mjomba akiwa peke yake. Akawa peke yake. Kisha nikasema nitanunua mafuta mekundu mengine kimyakimya, nijaze upya, asijue mtu. Lakini yanaagizwa, yanachukua mwezi. Sasa ninasema huenda hakuna kitakachotokea. Miaka minne nimefundishwa kutoamini neno "huenda".

Jumamosi, 30 Machi

Mvua ilinyamaza saa mbili, tukaisukuma ndege nje ipate hewa. Mzee Kanyaga alikuwa upande wa kushoto, nami kulia.

"Upande wangu mzito," akasema.

"Wewe ndiye mzito," Mjomba akamjibu kutoka mkiani. "Punguza ugomvi na chakula."

Mzee Kanyaga hakucheka. Alipanda, akakanyaga pedeli ya kushoto, akaiachia, akaitazama inavyorudi. "Inarudi kama mtu anayetumwa dukani usiku." Akauliza kama tumefunga kitu vibaya. Aliniuliza mimi, akinitazama usoni, kama fundi anavyomuuliza fundi.

Nikasema, "Labda ni unyevu, Babu."

Labda ni unyevu. Nimeiandika ili niisome kila siku.

Ijumaa, 5 Aprili

Kesho Mjomba atatembeza ndege chini, kwa kasi kidogo, kwenye uwanja wa nyasi. Hataruka. Bibi Harusi amempigia pasi shati.

Jumamosi, 6 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio.

Manyunyu, si mvua. Uwanja ulikuwa umelowa lakini mgumu. Mjomba alikwenda na kurudi mara mbili kwa mwendo wa baiskeli. Kila alipogusa breki, ndege ilijivuta kushoto kidogo. Aliirekebisha kwa mguu, akatupungia mkono. Mara ya tatu aliongeza moto. Mkia ukainuka. Sijawahi kuona kitu kilichokuwa mbao kikiwa chepesi namna ile. Bibi Harusi aliniminya mkono mpaka ukauma.

Alipotaka kupunguza mwendo alikanyaga zote mbili. Alipoachia, ya kulia iliachia. Ya kushoto haikuachia.

Ilizunguka. Hakukuwa na kelele kubwa, hilo ndilo lililonishangaza. Ilizunguka kama mlango unaofunguliwa na upepo, ikatoka nje ya uwanja, gurudumu la kushoto likaingia mtaroni na ncha ya bawa ikagonga nguzo ya uzio. Ndipo pakasikika mvunjiko wa mbao kavu. Miaka kumi na mmoja. Nilikuwa wa kwanza kufika, kwa sababu nilikuwa nimeanza kukimbia kabla ya kitu chochote kutokea.

Mjomba alikuwa amekaa, mikono bado kwenye mche wa usukani. Alinitazama, akasema, "Zima mafuta ya injini, mwanangu. Pale, kitasa chekundu." Nikazima. Kifundo cha mkono wake kilikuwa kimeanza kuvimba. Kwenye paji la uso alikuwa na mchubuko mdogo.

Bibi Harusi alifika bila kiatu kimoja. Alimpapasa kichwa, mabega, magoti, kama anayehesabu vyombo baada ya wageni. Kisha akampiga kofi begani. "Kumbe na hiyo breki ni ya mapambo?"

"Mke wangu, mimi mzima."

"Nimeuliza habari zako? Nimeuliza breki."

Bomba la kushoto lilikuwa limekatika palepale kwenye kibanio. Mafuta yalidondoka kwenye dimbwi la mtaroni. Nilichuchumaa nikatazama. Yale mekundu kidogo yaliyotoka juu yalielea, yakafanya utando wenye rangi. Yale meupe yaliingia ndani ya maji na kupotea kabisa, kana kwamba hayajawahi kuwepo. Manyunyu yakageuka mvua. Ushahidi wote ulikuwa unaoshwa mbele yangu, na nisifiche: niliona nafuu. Kwa dakika nzima nilikuwa na furaha.

Jumapili, 7 Aprili

Mzee Kanyaga amefungua kibanio cha kushoto. Sote tulikuwepo bandani. Pete ya raba ilitoka imevimba, imekunjika upande mmoja, laini kama utumbo. Aliishika mwangani muda mrefu.

"Nimeikunja mwenyewe," akasema.

Mjomba akasema haiwezekani.

"Nilipokuwa naivalisha mkono ulitetemeka. Niliona. Nikajiambia imekaa vizuri." Akaiweka juu ya kaunta buku, juu ya sahihi yake. "Nilitaka kukuua, rafiki yangu."

"Wacha maneno hayo."

"Mikono imekwisha. Mtu aambiwe ukweli."

Nilikuwa nimesimama umbali wa hatua mbili. Mdomo wangu ulikuwa wazi. Nakumbuka hivyo kwa sababu ulikauka. Bibi Harusi alidhani nataka kulia, akanituma nikalete chai. Nikaenda kuleta chai. Aliyeniambia nikae kwenye kiti chenye mto ndiye aliyenipa pa kukimbilia, na nilikimbia.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Nimeshika pete ile. Ningekuwa mhadhiri ningewauliza wanafunzi: raba iliyokunjwa huvimba? Haivimbi.

Jumamosi, 13 Aprili

Mzee Kanyaga alikuja saa nne, hakuingia bandani. Alisimama barazani na mfuko wa kitambaa, akaomba kuniona mimi.

Ndani ya mfuko kulikuwa na vifaa vyake: spana mbili ndogo ambazo midomo yake imeng'aa kwa kutumika, chupa ya kioo yenye kifuniko kilichotobolewa, na mpira mwembamba angavu, ule wa kutolea upepo. Mpira umekuwa wa manjano kwa umri, ila hauna hata ufa. Alikuwa anaufunga kwa duara moja tu, daima duara lilelile, hadi umelizoea.

"Huu nilipewa na aliyenifundisha," akasema. "Mimi sitalala tena chini ya gari. Jana jirani ameniletea pikipiki, nimemwambia apeleke kwingine. Wewe una kichwa, na siku ile ulionesha una mkono. Chukua."

"Babu, siwezi."

"Utaniaibisha nirudi nao nyumbani?"

Nikapokea. Nikasema asante. Nilimwona akitoka langoni, mikono ameitia mifukoni, yeye ambaye hakuna siku nimemwona ametia mikono mifukoni.

Nimeweka mfuko chini ya kitanda. Nimeutoa. Nimeuweka juu ya kabati. Nimeutoa. Hakuna mahali pa kuuweka ndani ya chumba hiki.

Jumatano, 17 Aprili

Mjomba anatengeneza bawa kwa mkono mmoja. Ananiambia nishike gundi, nashika gundi. Ananisimulia Mzee Kanyaga alivyomsaidia kubeba mbao ya kwanza ya ndege hii kichwani, kwa miguu, maili sita. Ananisimulia kama mtu anayesimulia habari za marehemu.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimesema.

Haikuwa ushujaa. Mjomba alikuwa anakwangua gundi, mimi nimeshika ubavu wa bawa, akasema kwa sauti ya kawaida, "Akija mkaguzi itabidi nimweleze habari za Kanyaga. Kwamba macho yake na mikono yake si ya kutegemewa. Niandike, nifunge ukurasa." Nikasikia mtu anasema, "Ni mimi." Nikasema yote: mpira uliochomoka, maranda, chupa ya rafuni, kikopo, sahihi. Niliposema sahihi, aliacha kukwangua.

Nilitegemea atafoka. Alienda kwenye rafu, akaishusha chupa ya mafuta meupe, akaipima kwa jicho, akairudisha.

"Mimi ungeniua," akasema. "Hilo nitakusamehe, nikipata muda. Lakini uliniacha nimwangalie yule mzee kwa huruma. Wiki mbili namwonea huruma rafiki yangu."

"Nisamehe, Mjomba."

"Si kwangu unakotakiwa kuanza. Unapajua kwake."

Jumapili, 21 Aprili

Anaishi chumba kimoja na sebule, nyuma ya duka la vifaa vya shule. Sakafu imefagiliwa kiasi kwamba niliona aibu kuweka mguu. Alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, na alipouona mfuko mkononi mwangu akadhani nimekuja kuuliza jinsi ya kutumia.

Nilisema nikiwa nimesimama. Hakunikatiza. Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi sehemu moja niirudie kwa sauti kubwa zaidi, nayo ilikuwa ileile, "Nilijua." Nadhani duka zima lilinisikia.

Alipozungumza hakunitazama. "Siku ile nilikuuliza. Tukisukuma. Nilikuuliza wewe."

"Ndiyo, Babu."

"Ukasema unyevu."

"Ndiyo."

Aliinua mikono yake, akaigeuza mbele ya dirisha, viganja, kisha migongo. Ilitetemeka kidogo, kama ya mzee yeyote. "Wiki mbili nakaa hapa naitazama hii. Asubuhi naamka nashika kikombe, natazama. Nimeuliza dawa hospitali. Binti, nimeuliza dawa."

Kuna samahani isiyotosha hata kufungulia mdomo.

"Lete mpira wangu," akasema.

Nikampa mfuko. Akautoa mpira, akaupima urefu wote kwa vidole kuona kama umekatika popote, akaufunga kwa duara lake, akauweka mapajani. "Nenda sasa."

Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani. Nililowa, na hilo lilinifariji, nikajichukia kwa kutafuta faraja.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimeandika kwenye kaunta buku, chini ya maandishi yake ya tarehe 16 Machi: *Breki ya kushoto niliijaza mimi, si aliyesaini. Mafuta mekundu yalipomwagika niliongeza nusu kikombe cha mafuta meupe ya gari nikijua ni marufuku. Raba ilivimba. Ajali ya 6 Aprili imetokana na hilo.* Nikatia sahihi. Mjomba alisoma, kisha akakausha wino kwa kuupuliza.

Bibi Harusi amenirudishia stuli. Hakuwa na hasira, au labda alikuwa nayo. Alisema kiti kile kinahitajika sebuleni. Stuli ni nzuri. Inatosha.

Jumamosi, 27 Aprili

Mvua kidogo. Hajaja.

Jumamosi, 4 Mei

Amekuja. Nilisikia sauti yake langoni ikimtukana Mjomba kuhusu hali ya njia, nikaganda.

Kopo jipya la mafuta mekundu, ambalo Mjomba aliliagiza mara baada ya ajali, lilifika Alhamisi, pamoja na pete za raba. Tulifungua kila kitu, kulia na kushoto. Tuliosha mabomba kwa spiriti mara tatu, tukayapuliza, tukayaacha yakauke. Yeye alikuwa anaagiza, mimi natenda. Hakuniita Injinia wala binti. "Wewe. Spana. Ile ndogo." Alipofika kwenye kuvalisha raba, Mjomba alisogea ili asaidie.

"Kaa mbali," Mzee Kanyaga akasema. Alizilowesha raba kwa mafuta mekundu, akazivalisha zote kwa kidole gumba, akizungusha polepole. Mkono ulitetemeka hadi ulipogusa raba, kisha ukaacha. Nilikuwa karibu, niliona ukiacha.

Tulijaza kutoka chini kwenda juu. "Njia yenyewe ni sahihi," alimwambia Mjomba, si mimi. Akachomeka mpira wake kwenye nati, akaushika kwa vidole viwili pale ambapo mimi sikuushika wangu, akanielekeza kwa kidevu nikae kitini. Niliangalia kikopo. Mafuta yakaja na mapovu, kisha mapovu madogo, kisha bila povu.

"Yamefika, Babu."

"Rangi?"

"Mekundu."

"Nimekuuliza rangi ya juu. Ya chini naiangalia mwenyewe." Akafungulia tone kwenye kitambaa cheupe, akalitazama, akamwonesha Mjomba. Lilikuwa jekundu. Akanitupia kitambaa nami nione.

Kisha, kutoka chini ya bawa, kwa sauti iliyotikisa bati: "Kanyaga!"

Nikakanyaga.

"Shikilia!"

Nikashikilia mpaka paja likaanza kutetemeka. Hakusema achia. Alikaa kimya pale chini, muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, nami nikashikilia.

Jumamosi, 11 Mei

Jua siku tatu mfululizo. Mjomba ameitembeza ndege mara tisa. Mzee Kanyaga alifuata alama za magurudumu kwenye nyasi kwa miguu, mwanzo hadi mwisho, ameinama. Zimenyooka.

Ijumaa, 17 Mei

Mkaguzi alikuja saa tatu, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Aligonga mbao, alivuta nyaya, alikanyaga breki kwa uzito wake wote. Kisha akakaa mezani na kaunta buku, akasoma ukurasa kwa ukurasa, nasi wanne tukasimama kama wanafunzi wanaongoja matokeo.

Alipofika Machi alisita. Akasoma mara mbili. "Nani ameandika hii?"

"Ni mimi," nikasema.

Alinitazama juu ya miwani. "Watu huwa wanachana ukurasa." Akamgeukia Mjomba. "Miaka yote sijaona mtu amejiandika hivi. Yote yamo."

"Hayamo," Mzee Kanyaga akasema. Alikuwa ameegemea mlango. "Ameandika nusu. Ameandika alichoifanyia ndege."

Mkaguzi akashika kalamu tayari. "Kuna kingine cha kuandika?"

Mzee Kanyaga alinitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu siku niliyomjibu kuwa ni unyevu. Hakuwa na hasira tena, na wala huo haukuwa msamaha. Alikuwa ananipima, kama alivyoupima mpira wake, kuona umekatika wapi. Mikono yake ilikuwa nje ya mifuko.

"Hakihusu ndege," akasema.

Mkaguzi akatia muhuri. Bibi Harusi akapiga kigelegele, Mjomba akakaa chini kwenye sanduku la vifaa, akafunika uso. Mzee Kanyaga akatoka kwenda kuisukuma ndege nje, nami nikaenda upande wa pili.

Nusu iliyobaki, ile niliyomfanyia Mzee Kanyaga, nimeiandika hapa. Kesho asubuhi, kabla ndege haijaruka, nitampelekea daftari hili asome, na kama patakuwa na uongo, aukate kwa kalamu yake.